Rangi inabanduka, stika zinaanguka: tafuta chanzo kabla hujapamba ukuta upya

Mapambo ya ukutani yakiharibika, lawama huishia kwa mapambo yenyewe: rangi ni feki, gundi ni mbovu, stika ni za bei rahisi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini rangi ya maji, karatasi za ukutani, stika za sifongo, michoro ya stensili (karatasi ngumu iliyokatwa mchoro), vyote vinadai mambo matatu tu kwa ukuta: uwe mkavu, uwe mgumu, usiwe na vumbi. Likikosekana moja, hata ndoo ya bei ghali kuliko zote dukani itabanduka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kile unachokiona ukutani, kisha unakifuata hadi kilikotoka. Nimeuandika nikifikiria nyumba za tofali za saruji ambazo wengi wetu tunaishi, na kuna sehemu ya nyumba za mawe za Unguja na Lamu, kwa sababu hizo zina tabia zake.

Rangi inatoka vipande vipande

Usikwangue kwanza. Chukua ganda moja lililokwisha kubanduka, ligeuze, ulitazame mgongo wake kwenye mwanga wa dirisha. Mgongo huo ndio utakaokuambia ni tabaka lipi limeachia.

Ukiuona msafi na laini, na pale ukutani pamebaki rangi ya zamani inayong'aa, basi rangi ya maji ilipakwa juu ya rangi ya mafuta bila kupigwa msasa. Hili ni la kawaida sana koridoni na jikoni, ambako zamani nusu ya chini ya ukuta ilipakwa rangi ya mafuta ili ifutike kwa kitambaa. Kama huna hakika rangi iliyo chini ni ya aina gani, lowesha pamba kwa spiriti usugue: rangi ya maji italainika na kuchafua pamba, ya mafuta haitajali. Dawa yake ni jasho tu. Osha ukuta kwa maji ya sabuni, suuza, uache ukauke, kisha piga msasa namba 120 au 150 mpaka mng'ao wote ufe. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, paka andakoti (rangi ya msingi inayotangulia), halafu ndiyo urudi kwenye rangi ya maji. Kama nyumba ni ya zamani, rangi hiyo ya mafuta huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Basi lowesha msasa kwa maji unaposugua, vaa barakoa, na watoto wakae mbali mpaka umemaliza kufuta.

Mgongo wa ganda ukiwa na unga mweupe, lililoachia ni chokaa, au skimu (tabaka jembamba la kulainishia ukuta) dhaifu, au rangi ya mwanzo iliyotiwa maji kupita kiasi. Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi cheupe, umepata jibu. Kipimo kingine ni kubandika tepu, kuikandamiza vizuri kwa kidole gumba, na kuivuta kwa mkupuo mmoja. Ukuta ulio tayari huiacha tepu itoke tupu. Hapa watu wengi hudanganyika kwamba praima, ile rangi ya kutayarisha ukuta, itagandisha unga wote. Praima hushika vumbi jepesi lililobaki, haishiki tabaka nene la chokaa. Kwangua na usugue kwa brashi na maji mpaka ufike pagumu, acha pakauke, ndipo upake praima.

Ganda likitoka na chembe za mchanga, tatizo liko ndani zaidi: lipu yenyewe ni mbovu. Saruji ilikuwa kidogo, au mchanga ulikuwa na udongo, au lipu haikumwagiliwa maji ikaungua kwa jua na upepo. Ikwaruze kwa sarafu. Lipu nzuri inaachia alama tu, lipu mbovu inamwagika. Gonga ukuta mzima kwa mpini wa kisu na usikilize: panapotoa mlio wa uwazi, lipu imeachana na tofali, na chochote utakachopaka hapo kitaanguka pamoja nayo. Hakuna njia ya mkato. Gonga iliyolegea itoke, lowesha tofali, piga lipu mpya kwa kipimo kama ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga safi, mwagilia maji kwa wiki moja, kisha subiri. Lipu mpya ina alkali kali inayounguza rangi. Ukipaka mapema utaona mabaka yaliyopauka, na kama ni rangi ya mafuta itabaki inanata. Wiki 4 ndiyo subira ya chini kabisa, na wakati wa masika ongeza.

Na kama mgongo wa ganda umelowa, au una fuwele nyeupe za chumvi zinazometameta, acha yote hayo, soma sehemu inayofuata.

Ukuta unatoa malengelenge, chumvi au baka la maji

Hapa ndipo pesa nyingi za kupamba nyumba hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza ujue maji yanatoka ukutani au hewani. Kata kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa gazeti lililokunjwa, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku nzima au mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukuta, ukuta umebeba maji. Yakijikusanya upande wa chumbani, ni hewa ya chumba ndiyo nzito, na shida yako iko kwenye madirisha na kiyoyozi.

Ukishajua ni ukuta, tazama baka lilipo.

Likiwa chini, kwa mstari unaopanda kutoka sakafuni hadi karibu mita moja, maji yanatoka ardhini. Ama msingi haukuwekewa nailoni au lami ya kuzuia unyevu, ama ilikuwapo lakini nje udongo umerundikwa juu yake. Toka nje uangalie. Bustani iliyoegemezwa ukutani, kifusi cha ujenzi, baraza lililojengwa baadaye juu kuliko sakafu ya ndani: hivi vyote huvusha maji. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, weka mfereji kwenye bati ili maji ya mvua yasichape mguu wa nyumba, na nusu ya tatizo inaweza kuisha bila kugusa rangi. Kama msingi hauna kizuizi kabisa, hiyo ni kazi ya fundi anayejua kukiingiza. Rangi za kuzuia maji zinazouzwa kwa ahadi ya kumaliza unyevu, ukizipaka kwa ndani, huyafungia maji njia, nayo hupanda juu zaidi na kutokea pale zilipoishia.

Baka la duara katikati ya ukuta, na ng'ambo yake kuna bafu au sinki? Funga koki zote za nyumba, andika namba ya mita ya maji, rudi baada ya saa moja. Namba ikisogea, bomba linavuja ndani. Ikikaa vilevile, shuku bomba la maji machafu au maungio ya vigae bafuni, kwani hayo hayapiti kwenye mita. Baka chini ya kona za dirisha ni maji yanayopenya pembeni mwa fremu. Baka karibu na dari ni bati, mfereji uliojaa majani, au tanki. Na kuna moja linalosahaulika: kile kibomba kidogo cha kiyoyozi kinachodondosha maji nje. Kikiwa kifupi, kinalowesha ukuta kila siku ya joto, na ndani unaona malengelenge bila mvua hata tone.

Chumvi ina hadithi yake, hasa kwa sisi wa pwani. Mchanga wa ufukweni ukitumika kwenye lipu au tofali, chumvi inaingia nyumbani pamoja nao. Maji yanapopita ukutani huiyeyusha, yanapokauka yanaiacha juu kama manyoya meupe, na inapokua chini ya rangi huisukuma itoke. Usiioshe. Maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Isugue kwa brashi kavu, ikusanye kwa kizoleo, uitupe nje. Baada ya wiki moja au mbili sugua tena, na tena, mpaka isitokee. Ukuta wenye chumvi nyingi hata bila bomba kuvuja hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana unatoa jasho masika na kukauka kaskazi. Lipu iliyoshiba chumvi namna hiyo ni ya kubomolewa.

Jambo la mwisho kwenye maji: poda ya jipsamu. Skimu ya jipsamu inapendeza, inalainika upesi, na mafundi wanaipenda. Ikilowa inakuwa uji. Bafuni, nyuma ya sinki na sehemu ya chini ya ukuta wenye unyevu, tumia pati ya saruji nyeupe. Na baada ya kuziba chanzo cha maji, upe ukuta wiki kadhaa ukauke, ukirudia kile kipimo cha nailoni kabla ya kufungua kopo lolote.

Nyumba ya mawe: kila mwaka lipu inamomonyoka

Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga. Ni nene, na hupumua: unyevu unaoingia hutoka kupitia chokaa. Wazee waliozipamba kwa zidaka, zile daka za plasta zilizochongwa kupangia vyombo vya kaure, walifanya kazi na chokaa hiyohiyo. Leo mtu anapiga lipu ya saruji juu yake na kupaka rangi ya plastiki, ukuta unazibwa pumzi, maji yanakaa ndani, chokaa ya zamani inageuka unga nyuma ya saruji, mpaka siku bamba zima linapodondoka.

Dalili ni lipu ngumu inayotoka kwa mabamba huku nyuma yake pakiwa na unga uliolowa. Tiba ni kuondoa saruji taratibu, kurudisha lipu ya chokaa na mchanga, na kupaka chokaa ya maji kwa mikono (yaani tabaka) kadhaa myembamba, kila mkono ukikaushwa. Ukitaka rangi, changanya na madini ya rangi yanayostahimili chokaa, kama yale ya udongo mwekundu na wa manjano. Kwa Unguja, kabla ya kubomoa chochote, fika Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Naomba sana zidaka zisizibwe kwa saruji kwa sababu tu zimechakaa. Hakuna pambo la dukani litakaloziba nafasi yake.

Madoa meusi yanayorudi

Ukungu nyuma ya kabati au kona ya chumba chenye kiyoyozi hauondoki kwa kupakwa rangi juu, utatokea tena. Changanya jiki kipimo 1 na maji 3, paka, subiri dakika 15 hadi 20, sugua, suuza, acha pakauke kabisa. Vaa glavu na fungua madirisha, na usithubutu kuchanganya jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo, maana hutoa gesi ya sumu. Kisha sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite.

Doa la kahawia au la njano linalopenya kila mkono wa rangi ya maji ni jambo jingine. Hilo ni baka la maji ya dari, au masizi ya mkaa na mafuta ya jikoni. Rangi ya maji huyayeyusha na kuyapandisha juu. Osha mafuta kwa sabuni, kausha, funika doa kwa andakoti ya mafuta, kisha malizia.

Rangi imeshika lakini ina mabaka na michirizi

Mara nyingi kilichotokea ni kusimama katikati ya ukuta. Fundi kaenda kula, ukingo umekauka, akarudi akaunganisha, na muungano unaonekana milele. Ukuta mmoja upakwe kwa mkupuo mmoja, kona hadi kona. Kama unatumia makopo mawili au zaidi ya rangi iliyochanganywa, yamimine yote kwenye ndoo moja kubwa ukoroge, kwa sababu rangi mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kidogo. Mabaka yanayong'aa na kufifia hutokana na skimu iliyozibwa hapa na pale bila praima. Palipozibwa hunywa rangi kuliko pengine. Na kama baada ya mikono mitatu bado unauona ukuta wa zamani, uliza ni maji kiasi gani yaliyotiwa. Lebo ya kopo inasema, na kwa kawaida mkono wa mwisho hauhitaji mengi. Lita moja ya rangi ya maji ikitumika vizuri hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Ikikufikisha 20, umepaka maji.

Stika za sifongo na karatasi za ukutani zinaachia

Zile stika nene zenye sura ya tofali zinauzika sana kwa sababu mtu anaweza kubandika sebule nzima Jumamosi moja. Ikianguka moja, fanya kama kwa rangi: geuza. Gundi ikiwa imevaa ganda la rangi, stika haina kosa. Rangi ilikuwa haijashika ukutani. Gundi ikiwa na vumbi, ukuta haukufutwa, au ulipigwa msasa bila kupanguswa. Gundi ikiwa safi lakini imeshika madoa madoa tu, ukuta una mikwaruzo na vipele, stika imegusa vilele peke yake. Gundi ikiwa laini na inavutika, ni joto: ukuta unaopigwa na jua la mchana au ulio nyuma ya jiko hauzifai.

Kabla ya kununua za sebule nzima, bandika moja nyuma ya mlango uiache wiki mbili. Rangi mpya nayo iache ikomae kwanza kama mwezi, kwa sababu kukauka kwa kugusa siyo kukomaa.

Karatasi za ukutani zikifunguka kwenye maungio, gundi ilikauka kabla karatasi haijakandamizwa, au ukuta uliinywa yote kwa kukosa praima. Nyanyua ukingo taratibu, ingiza gundi kwa brashi ndogo, kandamiza kwa rola, futa inayochuruzika. Povu la hewa lililobaki katikati lichome kwa sindano ya duka la dawa, ingiza gundi kidogo kwa sindano hiyohiyo, kisha lainisha kwa kitambaa.

Lakini karatasi ya plastiki ikitoa harufu ya uvundo na vidoa vya waridi au vyeusi, usiibandike upya. Katika joto la pwani, chumba kikipozwa na kiyoyozi, unyevu wa nje husafiri kupitia ukuta kuelekea ndani, unafika nyuma ya plastiki baridi, unakwama hapo na kuotesha ukungu. Ukuta wa nje wa chumba chenye kiyoyozi uachie rangi ya maji. Karatasi weka ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba. Ushauri huohuo nautoa kwa paneli za PVC: zinaficha unyevu vizuri sana, na unachokificha kinaendelea kula ukuta.

Mistari na stensili: rangi imevuja pembeni

Kwa mistari, bandika tepu ya karatasi, pitisha kidole kwenye ukingo wote, kisha paka juu ya ukingo rangi ileile ya ukuta. Hiyo ndiyo itakayovuja, na kwa kuwa ni rangi ileile haitaonekana. Ikikauka, paka rangi ya pili. Vuta tepu kabla rangi haijakauka kabisa, kwa pembe ya mshazari, taratibu. Ukisubiri hadi kesho tepu itang'oa na rangi.

Stensili inavuja kwa sababu sifongo limeshiba. Chovya kidogo, pangusa kwenye gazeti mpaka karibu lisiache alama, ndipo ugonge ukutani, bila kuburuta. Mkono wa kwanza utaonekana hafifu, rudia. Na ufute mgongo wa stensili kila baada ya kuinyanyua.

Nyufa zinazorudi

Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotawanyika, ni za lipu iliyokauka haraka; skimu inazimaliza. Ufa ulionyooka kati ya nguzo ya zege na tofali unarudi kwa sababu vitu viwili hivi havitanuki sawa: panua ufa, ziba, weka wavu wa nyuzi juu yake, ndipo skimu. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango wekea alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiendelea kukua, au ukiwa mpana kiasi cha kuingia ncha ya kidole, usiufunike kwa pambo. Mwite mhandisi.

Msumari hausimami, fremu inaanguka

Lipu ina unene wa milimita 12 hadi 15 hivi. Msumari mfupi unashika lipu peke yake, na ukiupiga nyundo mara nyingi unaipasua kwa mduara. Kwa picha nyepesi, bandika kipande cha tepu mahali pa kupigia, tumia msumari mwembamba wa zege, piga ukielekeza chini kidogo. Kwa kioo au rafu, toboa kwa drili tundu la milimita 6 lenye kina cha sentimita 5 au 6, lipulize vumbi lote litoke, ingiza plagi ya plastiki, kaza skrubu. Vumbi likibaki, plagi itazunguka tu. Tundu likishapanuka, lijaze saruji yenye mchanga laini, subiri siku kadhaa, toboa upya. Usitoboe mstari wa wima juu au chini ya swichi na soketi, maana mara nyingi ndiko waya zinakopita.

Kitenge ukutani kimefanya ukungu, au mende wamekitafuna

Kubandika kitenge au kanga moja kwa moja kwa uwanga ni rahisi na hutoka bila kuharibu rangi, lakini uwanga ni chakula cha mende na ukungu. Kwenye unyevu wa pwani hakifiki mbali. Bora kukivuta kwenye fremu ya mbao na kukipiga stepla kwa nyuma, ukianzia katikati ya kila upande kuelekea kona ili mchoro usipinde. Kifue na kukipiga pasi kwanza, kisije kikasinyaa baadaye. Weka vipande viwili vya raba au vya kizibo cha chupa ya mvinyo nyuma ya fremu, chini, ili hewa ipite kati yake na ukuta. Mbao ipake dawa ya mchwa, na kila baada ya miezi michache ishushe uangalie mgongo wake: vijia vya udongo vikianza hapo, mchwa wameshaingia ukutani, na kazi ya kwanza ni kufuatilia wanapotokea.